Barua Aliyosingiziwa Lipe

Zanvl Kirzhner aliandika riwaya saba kwa Kiyiddish, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa kwetu, na tano kati ya hizo mikono yangu ndiyo iliyozipanga, herufi moja moja ya madini ya risasi, tayari kwa kuchapwa. Kwa hiyo nikieleza habari zake sielezi ya kusikia. Naeleza na yangu humo humo, ingawa ningependa yangu yasiwemo.

Tulizaliwa barabara moja, mji wa Lubashitz, saa nne kwa treni kutoka Warsaw na saa nyingine nzima kwa gari la farasi, matope yakikubali. Baba yake alikuwa mshona kofia, wangu fundi bati. Zanvl alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haya mpaka unamwonea huruma. Mwanamke akimuuliza saa tu, shingo yote inamwiva. Lakini mpe karatasi! Akiwa na miaka kumi na mitano aliandika kisa cha mbuzi wa kasisi aliyeingia sinagogini siku ya mfungo, na kisa kile kilizunguka mji mzima mpaka kikachakaa mikononi mwa watu.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la kofia, alikaa Khinke, binti wa mpika sabuni. Khinke alikuwa msichana wa maneno. Alibishana na wakulima kuhusu bei, alibishana na baba yake kuhusu majivu ya kupikia sabuni, na akicheka unamsikia mpaka kisimani. Mwaka 1912 akapata mchumba kutoka Shedlets, kijana msomi, mtu wa miwani. Siku ikapangwa. Unga ukakandwa, samaki wakapikwa, wapiga fidla watatu wakaletwa. Tukakaa kungoja magari ya upande wa bwana harusi, na magari hayakuja. Jioni akaja mtu mmoja peke yake, juu ya farasi, akampa mpika sabuni barua iliyokuwa imefika Shedlets siku nne kabla. Haikuwa na jina la mwandishi. Ilisema bibi harusi ana kifafa, kwamba huanguka na kutoa povu, na kwamba mji mzima unaficha.

Khinke hakuwahi kuanguka hata kwa kujikwaa. Lakini nani wa kwenda Shedlets kuapa? Samaki wakagawiwa maskini, wapiga fidla wakaondoka bila kufungua mifuko yao. Hakupata mchumba mwingine. Baba yake alipokufa, akabaki na duka la sabuni na sauti yake ile ile, ila kicheko sikukisikia tena.

Aliyeandika barua hakujulikana. Mwaka huo huo Zanvl akahamia Warsaw. Tulisema ni kwa sababu ya vitabu.

Nami nilimfuata baada ya vita vikuu, nikapata kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti la Neno la Leo, mtaa wa Nowolipki, ghorofa ya chini, uani. Zanvl alikuwa tayari mwandishi wao wa riwaya za mfululizo. Kila siku sehemu moja, chini ya ukurasa wa tatu. Alikuja na karatasi zake saa nne asubuhi, kola imelegea, vidole vyeusi kwa wino, akaketi kwenye kisanduku karibu na jiko langu, akanywa chai kwenye glasi na kula kipande cha samaki wa chumvi kwa mkate mweusi, mpaka nimalize. Hakupenda makosa. Aliyasoma maneno yake kinyumenyume ndani ya fremu ya kupangia herufi, kama mimi ninavyoyasoma.

Riwaya zake sita za kwanza hazikuwa kitu. Wezi, mabinti wa matajiri, wosia uliopotea. Alijua hivyo. Halafu mwaka 1927, mwezi wa Agosti, akaniletea sehemu ya kwanza ya *Harusi Isiyofika*.

Nilipopanga mistari ishirini, nikasimamisha mikono. Ulikuwa mji wetu. Kisima chetu kile, matope yetu yale. Msichana aliitwa Khanke, herufi moja tu imebadilishwa. Na sehemu ya tano ikaleta mwandishi wa barua: mtu aliyekaa sokoni na meza ndogo, akiwaandikia wanawake barua za kwenda kwa waume zao Amerika. Jina lake kitabuni Lemel. Alikuwa na chunjua kando ya sikio la kushoto, na kabla ya kuandika hupuliza ncha ya kalamu mara tatu kama anayepoza uji. Ndani ya riwaya, Lemel huyu ndiye aliyeandika barua ya kifafa, kwa kisasi, kwa sababu mpika sabuni alimnyima binti.

"Zanvl," nikamwambia, "huyu si Lipe wetu?"

"Ni riwaya, Yudl."

"Ana chunjua la Lipe. Anapuliza kalamu kama Lipe."

"Ni riwaya. Mtu wa riwaya lazima awe na kitu usoni. Ungetaka nimpe nini, pua mbili?"

Nikacheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilicheka, nikalowesha kidole kwa mate, nikaendelea kupanga. Lipe, mwandika barua wa soko letu, alikuwa amemfundisha baba yangu kutia sahihi jina lake. Nilimfahamu kuwa mtu asiyeweza kumfukuza hata paka mezani. Lakini sehemu ile ilikuwa tamu jamani! Mikono ilikwenda yenyewe.

Na haikuwa tamu kwangu tu. Wachukuzi wa mizigo walisomeana uani. Wauza samaki wa mtaa wa Mila waliuliza, "Khanke amelala salama?" kabla hawajaulizana habari za watoto wao. Mhariri wetu, Bwana Vaynrib, mtu mnene aliyezoea kutembea akilia njaa, alianza kutembea akiimba. Lubashitz peke yake, mahali ambapo zamani tulituma magazeti mawili, sasa tulituma sitini. Nilipoona lebo ile ya sitini nilifurahi. Nilidhani mji unajivunia mtoto wake.

Mwezi wa Novemba barua ikaja kwa anwani ya gazeti. Zanvl aliifungua akiwa palepale kwenye kisanduku, chai mkononi. Hati ilikuwa nzuri mno, ya mtu wa kazi, kila herufi imekaa kama mkate kwenye rafu. Akasoma. Akaiweka glasi chini, akaikosa meza, chai ikamwagika juu ya viatu vyangu.

"Isome wewe," akasema.

Iliandikwa hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka:

*Kwa mheshimiwa mwandishi Zanvl, mwana wa mshona kofia. Nakuandikia mimi Lipe. Wanawake hawaniletei tena barua zao. Wanasema nitaandika kitu ambacho hawakukisema. Dirisha langu limevunjwa mara mbili, na watoto wananiita Lemel. Sikulaumu, maana mtu aliyesoma huona mbali kuliko sisi, na kila mtu hapa anasema kama haingekuwa kweli isingechapishwa. Nakuomba neno moja tu. Kwa kuwa wewe unajua yote, niambie nilikuwa na sababu gani? Mimi sikuwahi kumposa Khinke. Nilikuwa na mke wangu, amani iwe juu yake. Natafuta usiku na mchana sababu ya mimi kufanya vile, na siioni.*

Nilikunja karatasi. Nilidhani atasema masikini mzee. Zanvl alikuwa ameweka mikono yote miwili kifuani kama mtu aliyemeza mfupa.

"Yudl," akasema. "Ile barua ya Shedlets niliandika mimi."

"Barua gani?"

"Usinifanye niseme mara mbili."

Mitambo ilikuwa inanguruma chumba cha pili. Nilimtazama mtu niliyekula naye samaki wa chumvi kwa miaka saba. Nikamuuliza kwa nini, akasema alikuwa na miaka kumi na tisa, na kila asubuhi alimwona Khinke akifungua madirisha ya mbao ng'ambo ya barabara, na akawaza kwamba akiolewa Shedlets madirisha yale yatafunguliwa na mtu mwingine. Hakuwa na wazo jingine zaidi ya hilo.

"Sasa Lipe ameingiaje?" nikasema kwa hasira. "Ungemsingizia mtu aliyekufa! Ungemsingizia mzimu!"

"Nilihitaji mtu anayejua kuandika. Nilipofika pale penye barua, mkono ulikataa kuniandika mimi. Ukamwandika yeye. Nilisema nitarekebisha mwishoni." Akajipangusa uso kwa kiganja, wino ukambaki shavuni. "Kila siku nilisema mwishoni."

Alikwenda nyumbani, akarudi kesho yake na sehemu ya mwisho. Hakuna alichowahi kuandika kilichofika pale. Ndani yake Lemel hana hatia, na mkosaji ni mtoto wa mshona kofia, kijana mwenye haya, aliyekaa darini na mshumaa wa kuazima akiandika kwa mkono wa kushoto ili asijulikane. Hakukuwa na kisingizio hata kimoja. Nilisoma nimesimama, na nilipomaliza nikajikuta nimeshika fremu tupu.

Bwana Vaynrib aliisoma ameketi. Kisha akashuka kwetu nayo, akiishika kwa vidole viwili.

"Zanvl, mpenzi wangu, nini hiki?"

"Mwisho."

"Mwisho wa nani? Mtoto wa kofia! Nani huyu? Ametokea sura ya kwanza, akapiga chafya, akaondoka. Watu wamemchukia Lemel miezi mitatu. Jana mama mmoja kanishika koti barabarani ananiuliza Lemel atanyongwa lini. Nimwambie nini? Samahani mama, umemchukia mtu siye?"

"Ndiyo," akasema Zanvl. "Mwambie hivyo hivyo."

"Nenda ukalale. Una homa."

"Yuko mtu hai, Bwana Vaynrib. Ana dirisha limevunjwa."

"Basi anunue kioo. Mimi nina gazeti."

Jioni ya siku ile mhariri akaandika mwisho wake mwenyewe: Lemel anafumaniwa na wino wa aina ile ile, anatimuliwa mjini, na Khanke, kwa majonzi, anajitosa kwenye bwawa la kinu. Akaniletea asubuhi. Zanvl alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Yudl, usiipange," akasema. Hakupaza sauti.

Bwana Vaynrib alinitazama, kisha akamtazama mpanga herufi kijana aliyekuwa anangoja nafasi yangu tangu Pasaka. Nyumbani nilikuwa na mke mjamzito na wawili wadogo. Nikaipanga. Nilipanga kila herufi ya kumzamisha Khanke, na sikukosea hata nukta. Zanvl alisimama mpaka nikafika nusu, akavaa kofia, akaondoka.

Baada ya siku mbili alikuja kwangu nyumbani, Alhamisi, akasema anakwenda Lubashitz kukaa Sabato. Hakuniomba niende naye. Nilichukua koti langu.

Kwetu, mtu aliyedhulumiwa akiwa hana pengine pa kusemea, ana haki moja ya zamani: Sabato asubuhi, kabla gombo la Torati halijafunguliwa, hupanda jukwaani akapiga meza kwa kiganja, na usomaji husimama mpaka asikilizwe. Nimewaona wajane wakifanya hivyo, na wachuna ngozi walionyimwa ujira wao. Sikuwahi kumwona mkosaji akipanda kujishitaki mwenyewe.

Watu walipomwona Zanvl akiingia walimpisha kama bwana mkubwa. Wakampa kiti ukuta wa mashariki, karibu na rabi. Mmoja akamnong'oneza, "Ulimmaliza vizuri yule nguruwe." Lipe alikuwa nyuma, karibu na mlango, penye ubaridi, na pande zote mbili za benchi lake hapakuwa na mtu.

Gombo lilipowekwa mezani, Zanvl akapanda na kupiga meza. Alipiga polepole mno, wakadhani amejikwaa. Akapiga tena.

"Nazuia usomaji," akasema, na shingo yote ilikuwa imeiva. "Barua iliyokwenda Shedlets mwaka ule... ya Khinke... niliandika mimi. Lipe hakuandika. Nilimwandika yeye gazetini kwa sababu niliogopa kujiandika mimi. Ndiyo hayo."

Juu kwenye roshani ya wanawake benchi lililia. Kisha mtu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, akauliza kwa sauti kubwa, "Hii ni sehemu ya ngapi?"

Sinagogi ikalipuka kwa kicheko.

"Endelea, endelea! Na Khanke atatoka bwawani?"

"Gazeti la lini hili, Zanvl? Mbona sijaletewa?"

"Si hadithi," akasema Zanvl. "Jamani, si hadithi. Naapa."

"Lemel naye aliapa! Sehemu ya arobaini!"

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa amewaambia uongo kwa siku tisini wakauamini kila neno, na sasa mdomo wake ulifunguka na kufungika kama wa samaki ndani ya beseni. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kusimama niseme, ni kweli, mimi nimeiona sehemu ya mwisho, mimi ndiye niliyepanga ile nyingine. Nikafungua kitabu cha sala, nikainamia ukurasa. Nitaukumbuka ukurasa ule mpaka niingie kaburini.

Aliyesimama ni Lipe. Alitembea kutoka mlangoni mpaka mbele, shuka la sala likiburuta, na kicheko kikapungua benchi moja baada ya jingine. Akamtazama Zanvl usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama karatasi kabla ya kuandika.

"Anasema kweli," akawaambia. "Mimi nimekaa miaka arobaini nasikiliza watu wakiniambia cha kuandika. Mtu anayebuni naijua sauti yake." Kisha akamgeukia msomaji. "Soma. Vyungu vya watu vinakauka jikoni."

Jumapili asubuhi tulikwenda dukani kwa Khinke. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mikono imechunwa na magadi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma kama cha mfanyakazi. Alikuwa anakata sabuni kwa waya. Hakuacha kukata.

"Wamekuja," akasema. "Mwandishi na mchapaji. Mnataka nini? Ya kufulia au ya kuogea?"

"Khinke," akaanza Zanvl.

"Nimesikia jana. Nilikuwa juu pale. Sema kwa nini."

Alisema. Alirudia yale ya madirisha ya mbao, na kila neno lilitoka kama anayevuta mwiba. Khinke alikata vipande vitatu zaidi.

"Ulikuwa na hatua kumi na mbili kuvuka barabara," akasema. "Nimezihesabu mara nyingi, nikienda kwa mama yako kuazima chachu. Kumi na mbili. Hukuwahi kuniambia hata habari ya asubuhi. Lakini mpaka Shedlets, njia yote ile, ulipata la kusema."

"Nisamehe."

"Subiri, sijamaliza. Ukanichukua tena, baada ya miaka kumi na tano, ukanitia gazetini. Haya. Kisha nani aliyenizamisha? Wiki nzima watu wanachungulia mlangoni. Mke wa mwokaji amekuja kunishika mkono aone kama una joto! Mimi nijitose bwawani kwa ajili ya yule wa miwani? Mimi? Bwawa lenyewe halifiki kiunoni!"

Zanvl alitaka kusema siyo yeye. Nilimwona akivuta pumzi. Kisha akafumba mdomo, ili asinitaje.

"Ni mimi," nikasema. "Mhariri aliandika, mimi nikapanga herufi."

Khinke akanigeukia. "Yudl wa fundi bati. Na mikono ilikuuma?"

"Hapana," nikasema.

"Basi angalau wewe husemi uongo." Akafunga kipande cha sabuni kwenye karatasi, na niliona karatasi ile ni ukurasa wa tatu wa gazeti letu. Akamwekea Zanvl mbele. "Chukua uende. Simsamehi mtu leo. Labda siku nyingine, labda hapana. Usije ukaniuliza."

Tukatoka tukaenda kwa Lipe. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa ubao. Alitupa chai. Zanvl alisema yuko tayari kuandikia gazeti jingine, kwenda kwa mwanasheria, kufanya lolote. Lipe akakohoa.

"Magazeti basi," akasema. "Mwanangu, mimi ninachotaka ni kidogo. Wanawake hawaniletei barua. Jumanne ni siku ya soko. Wewe kaa mezani kwangu. Watakuletea wewe, kwa kuwa wewe ni mtu mkubwa wa Warsaw. Utaandika, na mimi nitakaa pembeni nikusahihishe mbele yao. Wakiona wewe unasahihishwa na mimi, wataanza kufikiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

Mimi nilirudi kazini Jumatatu. Zanvl akabaki. Nilimwona tena Februari, nilipokwenda kumsomea marehemu baba sala ya ukumbusho. Ilikuwa Jumanne, theluji imefika vifundoni. Alikuwa ameketi chini ya paa la duka la ngano, glavu zimekatwa ncha za vidole, kidumu cha wino kakiweka kwapani kisigande. Lipe alikaa kando yake juu ya gunia, mikono ndani ya mikono ya koti. Mbele yao mwanamke mmoja mfupi alikuwa anataja ya kuandikwa kwenye barua ya kwenda kwa mumewe aliye Buenos Aires.

"Mwambie mtoto ametoa jino. Mwambie paa linavuja. Mwambie akome."

"Akome nini, mama?" akauliza Zanvl.

"Yeye anajua."

Zanvl akaandika, akasoma: "*Moyo wangu, kama ndege aliyeachwa na kundi*..."

"Ndege gani?" akasema mwanamke. "Mimi nimetaja ndege?"

"Futa ndege," akasema Lipe. "Andika paa linavuja."

Wapita njia walikuwa na mchezo wao. "Lemel na mwanawe!" walipiga kelele. "Zanvl, niandikie na mimi, sema nina kifafa!" Alikuwa haitiki. Alipuliza vidole, akafuta ndege, akaandika paa. Niliona kwamba mwanamke yule, alipokuwa akiondoka, alimuaga Lipe kwanza, kisha yeye.

Alikaa mpaka wiki moja kabla ya Pasaka. Siku hiyo Lipe alimwambia, "Sasa nenda kwenu," akaenda. Kwa Khinke hakurudi. Khinke naye, nijuavyo, hakumtumia neno. Ila fundi seremala mmoja aliniambia kwamba siku ya baridi kali kuliko zote mwaka ule, mtu aliweka jiko dogo la makaa chini ya meza ya barua, na jiko lilikuwa na alama za magadi. Mimi sikuliona, wala sisemi lilitoka kwa nani.

Aliporudi Warsaw hakuliandikia gazeti letu tena. Alisahihisha kazi za wengine kwenye ofisi ya kamusi, na kwa miaka sita akaandika kitabu kimoja chembamba, cha barua tupu, za wanawake kwa waume walio mbali. Hakuna ndege hata mmoja ndani yake. Kiliuzwa nakala mia na kumi. *Harusi Isiyofika* ilitolewa kitabu na Bwana Vaynrib, pamoja na bwawa lake, ikachapwa mara nne. Ile sehemu ya mwisho ya kweli haijachapwa popote. Nilimuuliza Zanvl iko wapi, akasema amempa Lipe, na Lipe aliiwashia jiko, kwa kuwa alisema imekwisha fanya kazi yake.

Kifua kilimuua mwaka 1934, mwezi wa Machi, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tulimzika makaburi ya mtaa wa Okopowa, mvua ikinyesha. Waandishi watatu walizungumza, mmoja wao kwa nusu saa. Walisema aliupenda mji wake na watu wake. Nilitazama viatu vyangu.

Walipomaliza, nikamwona Lipe. Alikuwa na miaka sabini na kitu, amekuja kwa gari la farasi na treni, peke yake, na kofia yake ilikuwa inatiririka. Kwetu desturi ni kumwomba marehemu msamaha kabla watu hawajatawanyika. Kila mtu huinama akasema maneno yale haraka haraka, kama mtu anayeaga. Mimi niliyasema, na kwa mara ya kwanza maishani niliyamaanisha. Lipe alisimama kando ya kaburi muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea, na kila nilipodhani amemaliza, alianza tena.

Nilimshika mkono tukaelekea lango.

"Mzee Lipe," nikamwambia, "wewe una nini cha kumwomba msamaha yule? Yeye ndiye aliyekuharibia."

Alivua kofia, akaikung'uta maji.

"Wanawake walianza kurudi sikukuu ya Hanukka," akasema. "Desemba ile ile. Walikuwa wananijia nyumbani kwa mlango wa nyuma na barua zao, wananiomba radhi, wananiletea mayai. Kazi ilikuwa imekwisha, Yudl. Ningeweza kumwambia aende zake." Akafuta mvua machoni. "Nilimweka mpaka Pasaka. Kifua kile kilimwingia pale, kwenye theluji, mimi nikiwa pembeni naangalia. Nilipenda kumwona akitetemeka. Kila Jumanne niliamka nikiwa na furaha."

Langoni palikuwa na bomba la kunawia mikono, kama ilivyo desturi kwa wanaotoka makaburini. Nikamshikia kata, akanawa, mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia, na maji yalipokwisha akaniomba nichote mengine.